Adolphe Kégresse: fundi wa Tsar aliyewaza ambreyaje mbili, akafa mbele gari za spoti hazijamufikia

Mtu akinunua leo Porsche 911, Ferrari ao Nissan GT-R, mara nyingi hatakuta ndani pedali ya ambreyaje. Miguu yake iko na kazi mbili tu: kuongeza mwendo na kufunga freni. Vitesi zinabadilika zenyewe, ao kwa kidole kimoja nyuma ya volani, na moteri haipumziki hata kidogo. Wapenzi wa gari wamebishana juu ya jambo hilo zaidi ya miaka 20 sasa. Wamoja wanasema gari imekuwa nzuri zaidi, wengine wanasema shofere amegeuzwa abiria. Lakini wachache kati yao wanajua jina la mtu aliyewaza chombo hicho kwa mara ya kwanza. Ni Mfaransa Adolphe Kégresse, na kazi yake nyingine ilipita hapa kwetu, katika misitu ya Congo, karibu miaka 100 iliyopita.

Kégresse alizaliwa mwaka wa 1879 huko Héricourt, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Eneo hilo liko karibu na Montbéliard, kwao na familia ya Peugeot, na vijana wengi wa pale walikulia kati ya chuma, mashine na viwanda. Naye alifuata njia hiyo. Lakini badala ya kubaki nyumbani, mwanzoni mwa karne ya 20 alienda mbali sana, mpaka Saint-Pétersbourg, mji mkuu wa Urusi wakati ule. Huko alipata kazi ambayo fundi yeyote wa gari angetamani: kuangalia garaji ya mfalme mwenyewe, Tsar Nicolas II.

Garaji hiyo haikuwa ndogo. Tsar alipenda gari, na alikuwa nazo nyingi za bei kali, kati yazo Delaunay-Belleville, zilizotengenezwa karibu na Paris. Shida ilikuwa theluji. Katika Urusi, barabara zinafunikwa na theluji miezi mingi kila mwaka, na gari yenyi magurudumu membamba ya wakati ule ilizama kama vile lori inavyozama katika matope yetu wakati wa mvua. Haikuwa na maana mfalme kuwa na gari kumi nzuri ikiwa kila baridi ilimulazimisha arudi kwa farasi.

Kégresse akapata dawa. Aliondoa magurudumu ya nyuma na kuweka mahali pake mkanda mrefu, unaozunguka juu ya vigurudumu vidogo na kulala chini kama ulimi. Mbele, usukani ulibaki kama kawaida, wakati mwingine na mbao za kuteleza chini ya magurudumu. Uzito wa gari haukukaa tena mahali pamoja. Ulitawanyika, na gari ikapita juu ya theluji bila kuzama. Vifaru vya vita vilikuwa na minyororo ya chuma, mizito na yenyi makelele. Mkanda wa Kégresse ulikuwa mwepesi, wa kukunjika, na baadaye ukatengenezwa kwa mpira. Gari za Tsar zikavishwa mikanda hiyo, na katika vita kuu ya kwanza jeshi la Urusi likaivalisha gari zake za chuma vilevile.

Mwaka wa 1917 mapinduzi yakaja. Tsar akaangushwa, na fundi wake akaona hapana usalama tena kwake. Akapita Finland na kurudi Ufaransa, na kitu cha maana alichorudi nacho kilikuwa kichwani mwake. Vitu vyenyewe vilibaki Urusi na kupata wenyeji wapya. Lenin, aliyeongoza mapinduzi yale, alikuwa na Rolls-Royce yake iliyovalishwa mikanda ya Kégresse ili itembee wakati wa baridi. Gari hiyo ingali inaonyeshwa katika makumbusho ya Gorki, karibu na Moscou. Mikanda iliyobuniwa kwa ajili ya mfalme ikabeba adui wake mkubwa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza la namna hiyo katika maisha ya Kégresse, na halikuwa la mwisho.

Kule Paris alikutana na mwenye viwanda Jacques Hinstin, na kwa njia hiyo akafika mbele ya André Citroën. Citroën alikuwa mtu wa kelele na maonyesho, aliyejua kuuza gari kuliko mtu yeyote wa Ulaya wakati ule. Aliona mara moja kwamba mikanda ya Kégresse si kwa theluji tu. Kinachopita juu ya theluji kinaweza kupita juu ya mchanga.

Tarehe 17 Desemba 1922, gari tano za Citroën zenyi mikanda ya Kégresse zilitoka Touggourt, katika Algeria, na tarehe 7 Januari 1923 zikaingia Tombouctou. Zilikuwa zimevuka Sahara katika majuma matatu, safari ambayo misafara ya ngamia ilifanya kwa miezi. Dunia nzima ilisikia. Lakini jina lililoandikwa kwa herufi kubwa lilikuwa la Citroën.

Kiisha kukawa safari ambayo wazee wetu wa Uele na Kisangani waliiona kwa macho yao: Croisière noire. Gari nane zilianza Colomb-Béchar, kusini mwa Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924. Waongozi walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Pamoja nao kulikuwa mtengeneza sinema Léon Poirier na mchoraji wa asili ya Urusi Alexandre Iacovleff. Kégresse mwenyewe hakuwa kati ya wasafiri. Walipita Niger, Chad na Oubangui-Chari, inchi inayoitwa leo Jamuhuri ya Afrika ya Kati, kiisha wakaingia katika Congo ya Wabelgiji mwanzoni mwa mwaka wa 1925. Wakapita Buta, wakafika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na wakakaa katika inchi ya Wamangbetu, upande wa Niangara. Michoro ya Iacovleff ya wanawake wa Kimangbetu, na nywele zao zilizosukwa kuelekea juu na nyuma, ilienda kujulikana Ulaya yote. Kutoka kwetu walielekea Kampala, na pale wakagawanyika vikundi vinne, kila kimoja na njia yake kuelekea bahari. Haardt alifika Tananarive, katika Madagascar, mwezi wa sita 1925.

Tusisahau upande mwingine. Gari hizo zilisifiwa kwamba zinapita pasipo barabara, lakini katika msitu wa Congo mkanda wa mpira hausaidii kitu mbele ya mti mkubwa ao mto. Mahali pengi, utawala wa kikoloni uliamuru watu wa vijiji wakate miti, wafungue njia na wajenge madaraja ili wageni wapite. Sinema na maonyesho ya Paris mwaka wa 1926 yalisifu mashine. Wale waliofungua njia kwa panga na majembe hawakupewa majina.

Kwa msomaji anayejiuliza mikanda hii inahusu namna gani bwati ya vitesi ya gari za spoti, jibu liko katika matope. Shofere yeyote aliyepanda mlima wa Kivu wakati wa mvua analijua. Gari inavuta vizuri katika vitesi ya pili; unataka kuingiza ya kwanza ao ya tatu; unakanyaga ambreyaje. Katika nusu sekunde hiyo moteri na magurudumu vimeachana. Nguvu imekatika. Gari inapunguza mwendo, inakaa, inazama. Ukiachilia ambreyaje kwa nguvu, magurudumu yanazunguka bure na kuchimba shimo. Mtu aliyetumia miaka 20 ya maisha yake kutafuta namna ya kupitisha gari katika theluji na mchanga alikuwa amepigana na nusu sekunde hiyo kila siku. Mwandishi wa mistari hii anaona kwamba mkanda na ambreyaje mbili ni swali moja: namna gani nguvu ya moteri ifike chini bila kukatika.

Katika miaka ile, swali hilo lilikuwa moto kwa kila mtu, si kwa wasafiri wa jangwa tu. Bwati za vitesi za zamani zilikuwa ngumu. Ilibidi shofere akanyage ambreyaje mara mbili kwa kila badiliko, na asipolinganisha mwendo wa moteri, meno ya bwati yalilia kama chuma kinachosagwa. Cadillac ilileta bwati yenyi sinkroni mwaka wa 1928, na kelele ikapungua, lakini nguvu iliendelea kukatika. Citroën mwenyewe alitaka gari yake mpya, Traction Avant ya mwaka wa 1934, iwe na bwati inayojibadilisha yenyewe, iliyobuniwa na muhandisi Dimitri Sensaud de Lavaud. Bwati hiyo ilishindwa katika majaribio. Karibu na siku ya kuonyesha gari, wahandisi walilazimishwa kutengeneza haraka bwati ya kawaida ya vitesi tatu.

Gharama za Traction zilimuangusha Citroën. Mwisho wa mwaka wa 1934 kampuni yake ilifilisika na kuingia mikononi mwa Michelin, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akafa. Hapo Kégresse alipoteza mtu aliyekuwa tayari kulipia mawazo ya hatari. Wenyi kampuni wapya walitaka kupunguza matumizi, si kuongeza majaribio.

Ni katika hali hiyo, mwaka wa 1939, akiwa na miaka 60, alipotoa wazo lake la ambreyaje mbili.

Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza, ingawa ni gumu kulitengeneza. Bwati ya kawaida iko na ambreyaje moja. Ukibadilisha vitesi, unafungua, unachagua, unafunga. Kégresse aliigawanya bwati kama bwati mbili zilizo pamoja. Ambreyaje moja inashika vitesi za kwanza, tatu na tano. Nyingine inashika ya pili, nne na sita. Gari ikitembea katika ya pili, ya tatu iko tayari imeingizwa upande wa pili, inangoja tu. Wakati wa kubadilisha, ambreyaje ya upande mmoja inafunguka huku ya upande mwingine inafunga. Hakuna kitambo ambacho moteri inabaki peke yake. Ni kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja kwa zamu: wa pili anauweka begani mbele wa kwanza hajauachilia.

Ugumu ulikuwa katika kulinganisha. Ambreyaje ya pili ikichelewa kidogo, nguvu inakatika na faida inapotea. Ikiwahi kidogo, vitesi mbili zinashika kwa wakati mmoja na bwati inajaribu kujivunja. Mguu wa mtu hauwezi kazi hiyo. Inahitaji mafuta yenyi kusukumwa kwa presha iliyopimwa vizuri, na kitu cha kuamua katika sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka wa 1939 kompyuta haikuwako. Na mwezi wa tisa wa mwaka huo huo vita kuu ya pili ya dunia ikaanza. Hakuna kiwanda kilichoingiza bwati ya Kégresse katika gari za kuuza.

Vita ilimuletea jambo lingine, baya zaidi. Alikuwa ametengeneza gari ndogo sana yenyi mikanda, isiyo na mtu ndani, inayoongozwa kutoka mbali. Wajerumani walipoikalia Ufaransa waliipata karibu na mto Seine. Jeshi lao likaagiza kampuni Borgward ya Bremen kutengeneza kitu cha namna hiyo, cha kubeba kilo 50 ao zaidi za baruti mpaka chini ya kifaru ao nyumba ya adui. Ndiyo Goliath, iliyotengenezwa zaidi ya 7 000 na kutumiwa hata katika kuvunja mji wa Varsovie mwaka wa 1944. Upande mwingine wa vita, jeshi la Marekani, lililokuwa limenunua gari za Citroën-Kégresse na kuzichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilitengeneza kutoka kwa mfano huo makumi ya maelfu ya gari zake zenyi magurudumu mbele na mikanda nyuma. Kwa hiyo mawazo ya mtu mmoja yalikuwa katika pande zote mbili za vita. Yeye hakuona mwisho wake. Alikufa mwaka wa 1943, huko Croissy-sur-Seine, karibu na Paris, inchi yake ingali chini ya Wajerumani.

Wazo la ambreyaje mbili lilikaa karibu miaka 40 bila mtu wa kulitumia. Walioliamsha walikuwa watu wa mashindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Porsche ilianza kulijaribu katika gari yake ya mbio 956, kiisha katika 962, na kuliita PDK. Kulikuwa sababu ya wazi. Moteri zao zilikuwa na turbo, na turbo inachukia mguu unaotoka juu ya akselerateri: presha inashuka, na inachukua muda kurudi. Kwa PDK, shofere aliacha mguu chini na mikono yake miwili juu ya volani. Kompyuta ndogo na mafuta ya presha vilifanya yale ambayo mwaka wa 1939 hayakuwezekana. Bwati hiyo ilikuwa nzito na mwanzoni ilivunjika mara nyingi, lakini mwaka wa 1986, kule Monza katika Italia, Hans-Joachim Stuck na Derek Bell walishinda nayo. Audi nayo iliijaribu wakati huo katika gari yake ya rally, mikononi mwa Walter Röhrl.

Kutoka mbio mpaka barabara ya kawaida, safari ilichukua miaka mingine 17. Gari ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi na ambreyaje mbili ilikuwa Volkswagen Golf R32, mwaka wa 2003. Ni miaka 64 nyuma ya wazo la Kégresse, na 60 nyuma ya kifo chake. Kisha mlango ukafunguka wote. Bugatti Veyron ya mwaka wa 2005, yenyi nguvu ya farasi 1 001, isingeweza kumupa shofere wa kawaida mwendo wake bila bwati ya namna hiyo. Nissan GT-R ikafuata mwaka wa 2007, Porsche 911 na Ferrari California mwaka wa 2008. Ferrari ikaacha kabisa kutengeneza bwati ya mkono.

Je, ni nzuri kuliko ya mkono? Kwa saa ya mashindano, ndiyo, na hapana ubishi tena. Hata shofere bingwa hawezi kubadilisha vitesi kwa haraka ya kompyuta, tena mara mia mbili bila kukosea. Lakini gari ya spoti hainunuliwi kwa saa peke yake, na hapo Porsche ilipata somo. Mwaka wa 2013 ilitoa 911 GT3 mpya, gari kali iliyopendwa na mashofere wa kweli, ikiwa na PDK tu. Gari ilikuwa ya haraka kuliko ile ya mbele yake. Wapenzi wengi walinungunika. Walisema wamenyanganywa kazi yao: kusikia moteri, kuchagua wakati, kukosea na kujisahihisha. Mwaka wa 2016 kampuni ilitoa 911 R, gari 991 tu, zote na bwati ya mkono ya vitesi sita, na bei yake kwa wenyi kuuza tena ikapanda haraka sana. Mwaka wa 2017 GT3 ikarudi na bwati ya mkono kwa anayeitaka.

Kuna pia swali la fundi, na hilo linatugusa zaidi sisi tunaonunua gari zilizokwisha kutumiwa Ulaya na Japani. Ambreyaje ya kawaida inaweza kubadilishwa katika garaji yoyote ya Goma ao Bukavu, chini ya muembe, na fundi mwenyi funguo na akili. Ambreyaje mbili inataka kompyuta ya kuisoma, mafuta yake maalum, na vyombo ambavyo havipatikani kila mahali. Hata wenye kuzitengeneza walipata shida: mwaka wa 2013 Volkswagen iliita zaidi ya gari 380 000 katika China kwa sababu ya bwati yake ya ambreyaje mbili kavu, aina inayopata joto kali katika foleni za mji. Aina inayooga ndani ya mafuta inavumilia zaidi, ndiyo maana gari za spoti zenyi nguvu nyingi zinatumia hiyo. Anayetafuta gari ya namna hii aulize kwanza ni aina gani iliyo ndani, na mafuta yake yalibadilishwa lini.

Kégresse mwenyewe hakuwaza gari za spoti. Yeye alikuwa mtu wa theluji, mchanga na matope, na gari alizozijua zaidi zilitembea polepole kuliko pikipiki ya taxi ya leo. Traction Avant, gari ambayo bwati yake ingeweza kuingia, iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka wa 1957, na mpaka siku ya mwisho ilikuwa na zile vitesi tatu za mkono zilizotengenezwa kwa haraka mwaka wa 1934.